Pawasaplai ya Karani

Mwaka nilipopunguzwa kazi katika ofisi ya ushirika, ambako nilikuwa mpiga chapa kwa miaka kumi na mmoja, mdogo wangu wa kiume alirudi Same kutoka Dar es Salaam na kompyuta ya mtumba iliyofungwa ndani ya blanketi. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Viwanda vilikuwa vinafungwa, mashamba makubwa yanasubiri wawekezaji, na wakati huohuo madukani kumejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu redioni. Mimi nilikuwa na kiinua mgongo kidogo na sina la kufanya. Yeye alikuwa na kompyuta yenye gemu moja, mbio za magari. Tukapanga chumba karibu na barabara kuu, tukaweka benchi, tukaanza kutoza watu kucheza.

Walikuja. Makondakta wa mabasi, walimu, wanafunzi wa sekondari siku za Jumamosi. Same ina upepo mkavu usiochoka, na mlango wetu uligongagonga kutwa, lakini ndani watu walikaa kimya wakitazama gari jekundu likikimbia katikati ya maghorofa.

Wiki ya tatu umeme ulikatika, kisha ukarudi na nguvu kuliko ulivyoondoka. Kompyuta ikalia pa! mara moja, ukafuata moshi mwembamba wenye harufu ya samaki aliyeungua. Kioo kikawa cheusi.

Tulimwita fundi redio wa mtaani kwetu, mtu mzima, mkimya, Mpare wa milimani kama sisi. Aliifungua kompyuta akachungulia na tochi.

"Yenyewe ni nzima," akasema. "Kilichokufa ni pawasaplai."

Akatutolea boksi la chuma lenye ukubwa kama wa tofali fupi. Alisema kazi ya boksi hilo ni kupokea umeme mkali wa ukutani, kuupunguza, na kuugawa ndani kwa kipimo. Likiwa bovu, kila kitu kilicho nyuma yake kinakaa roho mkononi.

Tukaenda Moshi. Huko tulikuta pawasaplai za aina mbili. Moja ilikuwa na jina la kampuni inayoaminika, na bei yake ilitufanya tuirudishe kwenye meza polepole. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, rahisi. Tukachukua hiyo ya pili. Ilidumu siku tisa. Kwanza gari jekundu likawa linasimama ghafla katikati ya mbio. Kisha kompyuta ikaanza kuzima na kuwaka yenyewe, mchana kweupe, bila mtu kuigusa, mpaka wateja wawili wakaondoka na hawakurudi tena.

Fundi aliilaza ile pawasaplai kwenye kiganja, akaipandisha na kuishusha.

"Mmenunua debe," akasema. "Kitu hiki unakipima kwa mkono kabla hujakipima kwa macho. Ndani panatakiwa pawe na shaba na chuma. Hii ina upepo. Mkiweka nyingine kama hii, itaondoka na kompyuta nzima."

"Na ile ya bei kubwa hatuiwezi," nikamwambia. "Sasa tufanyeje?"

Alifunga mkoba wake wa vifaa kwanza, ndipo akajibu. Kulikuwa na shamba la mkonge, akasema, kando ya njia ya kwenda Kihurio, lililofungwa muda si mrefu. Ofisini kwake kulikuwa na kompyuta za kizungu, nzito, na mtunza stoo bado yuko.

"Ila stoo ile haiuzi. Mchukulie kaunta buku jipya na kalamu mbili za bluu."

"Kaunta buku?"

"Ndiyo bei yake. Nenda asubuhi, na ikifika mchana uwe umeshatoka. Mimi nilikwenda mara moja, sirudi tena."

"Kwani kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," akasema. "Ndiyo maana sirudi."

Nilikwenda peke yangu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa. Nilipanda pikapu ya wakulima wa mpunga, nikashuka kwenye njia panda, nikatembea. Mkonge usipokatwa kwa wakati hutoa mlingoti, bua lake refu la maua, na ukishatoa mlingoti hufa. Sikuwa najua hivyo mpaka siku ile. Pande zote mbili za barabara, hadi chini ya milima, ilikuwa milingoti mitupu imesimama, mirefu kuliko nguzo za simu, na chini yake majani yamekauka. Upepo ulipopita, majani yalikwaruzana yote kwa pamoja, kisha yakanyamaza yote kwa pamoja.

Nilipita nyumba za wafanyakazi, mistari na mistari, milango imeng'olewa. Nikapita kiwanda na korona yake, ile mashine ya kusindika mkonge, kimya, na kamba bado zimening'inia kwenye vianikio kama nywele. Mbele ya ofisi, uwanja ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana vizuri mchangani, na haikuwa na unyayo hata mmoja.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, lakini ingia."

Nilidhani ananitania. Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza, akapokea kaunta buku na kalamu, akazifungia kwenye kabati, kisha akanipeleka stoo. Pale kwenye rafu zilikuwa pawasaplai tano, kila moja ina kikaratasi. Aliijua kila moja ilitoka chumba gani. Nilinyoosha mkono kwenye iliyokuwa safi kuliko zote.

"Hiyo ni ya meneja," akasema. "Usiichukue. Meneja alikuwa haiwashi kompyuta yake, na pawasaplai inayokaa bila kazi huoza ndani. Chukua iliyofanya kazi kila siku na haikufa."

Akanipa nyingine, ya kijivu, imechakaa pembeni, nzito mpaka mkono ukashuka. Chumba cha pampu ya maji kilikuwa bado hakijakatiwa umeme, kwa ajili ya kijiji cha jirani, naye alikuwa amevuta waya kutoka huko. Aliunganisha pawasaplai ile na taa mbili za gari, moja kwenye waya mwekundu na moja kwenye waya wa njano. Akawasha. Feni ikaanza kuzunguka kwa sauti ya chini, na taa zikawaka bila kutetereka.

"Tunasubiri saa nzima," akasema. "Feni isikwaruze. Taa zisififie. Ukiweka mkono juu yake upate joto la mkate, siyo la pasi. Na unuse. Harufu hutangulia moto."

"Hii ilikuwa ya nani, mzee?"

"Ya karani. Yule mama." Akatazama meza tupu iliyokuwa dirishani. "Leo hajafika."

Tulikaa. Taa ziliwaka mchana ule, njano, katikati ya rafu za vumbi. Mezani kwa mzee kulikuwa na daftari la mahudhurio limefunguliwa, na kwa kuwa nimefanya kazi ofisini, macho yangu yalikwenda huko yenyewe. Ukurasa wa siku ileile. Majina yalikuwa yameshuka kutoka juu hadi chini, wakataji, wa korona, wa vianikioni, madereva, na mbele ya kila jina alama ya vyema ya wino wa bluu. Walikuwepo wote, isipokuwa karani. Nikafunua ukurasa uliopita, kisha mwingine. Mwandiko ulikuwa mmoja, alama zilezile, siku baada ya siku, Jumapili tu ndiyo imeachwa.

Saa sita kamili alisimama, akatoka, akagonga kipande cha reli kilichotundikwa nje. Mlio ulikwenda mpaka kwenye milima ukarudi. Alibaki ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nami nikasikiliza, sijui kwa nini. Na nitasema nilichokisikia, kwa sababu sijawahi kukikana: nilisikia watu wengi wakitembea, miguu mizito ya viatu vya shamba, ikipita nyuma ya ofisi kuelekea kwenye nyumba. Ilipita muda mrefu. Ulikuwa upepo kwenye majani ya mkonge, najua. Nilijua hata wakati ule. Lakini sikuweza kugeuka kutazama dirishani.

"Wanakwenda kula," mzee akasema, akarudi kukaa.

Saa yangu ilipotimia sikusubiri kuongezewa hata dakika. Aliniuliza jina langu kamili na kazi yangu ya zamani, akaandika, akanikabidhi pawasaplai ikiwa imefungwa kwa gazeti. Nilitembea haraka hadi njia panda. Sikukimbia, kwa sababu nilihisi nikikimbia nitakuwa nimekubali jambo fulani.

Fundi aliifunga siku ileile, na juu yake akatushauri tuweke stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Kuanzia siku hiyo kompyuta haikutusumbua. Umeme ulipepesuka, mitaa mizima ikaungua redio na friji, na sisi feni yetu ikaendelea kuimba chinichini. Wateja walirudi. Baadhi walisafiri kutoka Mwanga kuja kucheza.

Mwezi ulipokwisha, mzee akatokea mlangoni kwetu na shati lake jeupe.

"Nimekuja kukagua mali ya stoo," akasema.

Mdogo wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia, alimwachia kiti chake mwenyewe. Mzee aliweka kiganja juu ya kompyuta, akanusa, akasikiliza feni, akaridhika. Kisha akatazama gemu. Alitazama kwa muda mrefu lile gari jekundu likipita barabara baada ya barabara, maghorofa, taa, madaraja.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Hamna watu, mzee," mdogo wangu akamjibu. "Ni magari tu."

"Mji mzima?"

"Mji mzima."

"Kwa hiyo nao umefungwa," mzee akasema, siyo kwa kuuliza. Kondakta aliyekuwa anacheza aliacha kubonyeza, na gari likagonga ukuta.

Alikuja hivyo kila mwezi. Tulimzoea. Tulimpa chai na makande, naye akatusimulia kwamba yeye ni Muha wa Kasulu, kwamba aliletwa akiwa kijana pamoja na wengine kwa treni, na kwamba hajarudi kwao tangu mama yake alipofariki. Siku moja nilimuuliza kwa nini bado yuko shambani.

"Siku ile walileta barua," akasema. "Kila mtu aliitwa jina lake, akapewa barua ya kuachishwa, akasaini. Waliita mpaka wakamaliza. Mimi sikuitwa. Nikaenda kuuliza, wakaniambia subiri. Basi mimi bado niko kazini."

"Lakini wenzako wamekwenda. Kwa nini unawaandika?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Stoo haifunguliwi kama hakuna wafanyakazi."

Mwezi wa tano alikuja na daftari kwapani. Lilikuwa kaunta buku lile nililompelekea mimi.

"Limekaribia kwisha," akasema. "Naomba jingine."

Nilitaka kumpa. Duka lilikuwa jirani. Lakini nilipolifungua daftari kuona kurasa zilizobaki, nikaliona jina langu. Lilikuwa katika safu ya ofisi, chini ya la yule mama, limeandikwa vizuri, na pembeni neno *kaimu*. Mbele yake palikuwa na alama ya vyema. Nikarudisha kurasa nyuma. Nilikuwepo jana. Nilikuwepo juzi. Nilikuwepo siku mama yangu alipolazwa nami nimelala sakafuni hospitalini. Nilikuwepo sikukuu. Miezi minne na ushee, sikuwa nimekosa hata siku moja.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Pawasaplai ya karani iko kwako," akasema kwa upole. "Haiwezi kuwa kwako kama wewe si karani. Lazima iwe mikononi mwa mtu."

"Nifute."

"Daftari hili halifutwi. Mtu hutoka kwa barua."

Mdogo wangu alikuwa amesimamisha gemu. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walijifanya wanatazama nje. Nilikaa kwenye kompyuta, nikafunga yale magari, nikafungua mahali pa kuandikia. Vidole vyangu vilikuwa bado havijasahau. Niliandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ilisema hivi: *Kwa barua hii unaarifiwa kwamba kazi yako ya utunzaji wa stoo imefikia mwisho. Umekabidhi kila kitu salama. Unaruhusiwa kwenda nyumbani.* Nikamtuma mdogo wangu na disketi akazichapishe kwa mwenye duka la vifaa vya ofisi.

Mzee alisoma barua yake akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Nani anasaini?" akauliza.

"Nani alikuwa anasaini zamani?"

"Karani, kwa niaba ya meneja."

"Kaimu karani anaweza?"

Alifikiri sana. "Anaweza," akasema. "Na ya karani husainiwa na mtunza stoo, akishahakikisha amerudisha vitu." Kisha uso wake ukabadilika. Aliliona jambo kabla yangu. "Lakini nikikutoa wewe kwanza, wewe si karani tena. Huwezi kunisainia. Na ukinitoa mimi kwanza, mimi si mtunza stoo tena."

"Sainini wote kwa mpigo," mdogo wangu akasema, akitaka kucheka.

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Aliziweka barua zote mbili mezani sambamba, akaweka kalamu katikati, akaniachia.

Ningeweza kumwambia kwamba ni karatasi tu. Mpaka leo watu ninaowasimulia wananiuliza kwa nini sikumwambia hivyo. Sijui niwajibu nini. Feni ilikuwa inazunguka, upepo unagonga mlango, na jina langu liko pale katika wino wa bluu, na mimi niliogopa kama mtu anayeogopa kitu cha kweli. Nilimtazama yule mzee na shati lake. Nikavuta barua yake, nikasaini.

Alinipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na baridi. Akakunja barua mara tatu, akaitia mfukoni kwenye shati, nyuma ya kalamu.

"Daftari?" nikamuuliza.

"Litabaki ofisini. Ni mali ya ofisi."

Juma lililofuata mdogo wangu alimsindikiza kwenye basi la Dar, akapande treni huko. Alikuwa na begi moja dogo. Mdogo wangu anasema aliwasalimia abiria wote, mmoja mmoja, akauliza majina yao, na alipokaa akafumba macho kabla gari halijaondoka.

Barua yangu ilibaki kwenye droo, haina sahihi. Baadaye tulisikia kwa dereva wa pikapu kwamba mwekezaji amefika kule shambani, milingoti imekatwa, ofisi zimesafishwa na makaratasi yote yamechomwa moto uwanjani.

"Basi, dada," mdogo wangu akaniambia. "Umetoka."

Nikamwambia ndiyo. Lakini sikujua kama kuungua ni kutoka, na kwa miezi kadhaa, nikiitwa jina langu barabarani, nilisita kidogo kabla ya kuitika.

Karibu na mwisho wa mwaka ilikuja barua kutoka Kasulu, imeandikwa na binti wa mdogo wake mzee. Alitushukuru kwa chai na makande. Alisema baba mkubwa alifika salama, wamempa chumba, anakula vizuri, na watoto wanampenda. Kisha akaandika: *Ila asubuhi huamka kabla yetu sote, akavaa shati jeupe, akakaa barazani akitazama njia. Tukimuuliza anamsubiri nani, anasema hamsubiri mtu, anapumzika.*

Niliisoma mara mbili, nikampa mdogo wangu, naye akaisoma amesimama mlangoni penye mwanga. Alipomaliza akaikunja, akanirudishia. Wateja watatu wakaingia, wakauliza kama kuna nafasi, nikawaambia wakae.